Msamba wa kusukumwa humfundisha mtoto kunyamaza

Mtoto wa miaka minane anayeanza jimnastiki Januari akiwa amebakiza kiganja kizima kati ya nyonga na mkeka, kisha mwisho wa Februari akakaa msamba kamili, hajarefusha misuli yake. Muda huo hautoshi. Kinachobadilika upesi namna hiyo ni kiasi cha mvuto ambacho ubongo wake unakikubali kabla ya kusema basi. Mwaka 1996 Peter Magnusson na wenzake wa Copenhagen walichapisha jaribio lililoliweka jambo hili wazi: watu walinyoosha misuli ya nyuma ya paja ya mguu mmoja kwa wiki tatu, mguu wa pili ukaachwa kama ulivyo. Mguu ulionyooshwa ulifika mbali zaidi. Lakini ulipopimwa katika pembe ileile ya mwanzo, ukinzani wa msuli ulikuwa uleule. Msuli haukulainika, mwenye mguu ndiye aliyeweza kuvumilia mvuto mkubwa zaidi.

Mazoezi ya miezi na miaka yanaweza kuibadilisha tishu yenyewe, na hilo halina ubishi mkubwa. Ila katika wiki za kwanza, ambazo ndizo makocha wengi huzitumia kusukuma, kinachofundishwa ni mfumo wa neva. Nao una njia mbili za kumfikisha mtoto chini. Katika njia ya kwanza mtoto anashuka mwenyewe, anajua anaweza kutoka wakati wowote, na kila mara ubongo unajifunza kwamba pembe hii haina hatari. Katika njia ya pili anashikwa, anakandamizwa mabegani au kwenye paja, analia, kisha baada ya siku kadhaa anaacha kulia kwa sababu ameona kulia hakumwondoi pale. Kwa mtu anayetazama kwa mbali matokeo ni yaleyale: nyonga ziko chini, uso umetulia, kocha ameridhika. Tofauti yake ni kubwa sana. Yule wa pili amefundishwa kwamba taarifa ya mwili wake haina kazi, na taarifa hiyo ndiyo chombo pekee alicho nacho kocha cha kujua mvuto umefika wapi. Mkono unaosukuma haujui kama kinachovutwa ni tumbo la msuli, kano, neva au gegedu la mfupa unaokua. Anayejua ni mtoto.

Tuanze na mwili, maana wapo wanaodhani kusukuma ni suala la ukali tu, na kwamba ukali ukiwa na upendo hauna madhara. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopima urefu wake na kasi unayorefuka nayo. Msuli ukivutwa ghafla, vihisio hivyo huuamuru ujikaze kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla mtoto hajapata hata nafasi ya kufikiri. Woga huongeza mkazo huohuo. Kwa hiyo mtoto anayelia msambani huku kocha akimkandamiza ana msuli unaojikunja wakati uzito wa mtu mzima unaurefusha. Kwa mtu mzima msuli wa namna hiyo huchanika katikati au karibu na kano. Kwa mtoto anayebalehe, sehemu dhaifu kuliko zote iko kwingine: ni pale kano inaposhika mfupa, kwenye gegedu la ukuaji ambalo bado halijawa mfupa mgumu.

Misuli ya nyuma ya paja inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaousikia ukikaa juu ya benchi la mbao. Kipande hicho cha mfupa hakiungani kabisa na fupanyonga hadi mwishoni mwa balehe, kwa wengine hata baada ya miaka 20. Mvuto wa ghafla unaweza kukibandua. Mtoto husikia mlio au hisia ya kitu kuachia chini ya kalio, maumivu makali hapohapo, kukaa kunakuwa shida, kutembea ni kwa kuchechemea. Kosa linalofuata ni la kawaida mno: mtu anasema msuli umeshtuka, mtoto anapumzishwa wiki moja, halafu anarudishwa kwenye kunyoosha ili usigande. Kila kunyoosha kunakivuta tena kipande kile. Kanuni yake ni fupi. Mtoto wa kati ya miaka 11 na 18 aliyepata maumivu ya ghafla kwenye mfupa wa kukalia apigwe picha ya eksirei kabla ya mtu yeyote kumnyoosha. Kipande kikiwa kimesogea kidogo, tiba ni magongo kwa wiki chache, kisha kurudisha nguvu polepole kwa miezi miwili hadi minne. Kikisogea kama sentimita mbili au zaidi, mazungumzo ya upasuaji huanza.

Kuna na yale yanayokuja polepole, nayo ni mabaya zaidi kwa sababu hayana siku ya kuanza. Maumivu butu kwenye mfupa wa kukalia yanayozidi mtoto akikaa darasani mara nyingi ni ya kano iliyochoshwa. Kano hiyo ikinyooshwa hugandamizwa dhidi ya mfupa, hivyo msamba unaofanywa kama tiba unakuwa ndio ugonjwa. Mgongo nao una bei yake. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani waliwapiga picha wasichana 100 wa jimnastiki na kukuta 11 wana ufa kwenye upinde wa pingili za kiuno, zaidi ya kiwango cha watu wa kawaida. Ufa huo hutokana na kujipinda nyuma mara nyingi. Dalili yake ni maumivu ya kiuno, mara nyingi upande mmoja, yanayojitokeza mtoto akisimama kwa mguu mmoja na kujipinda nyuma. Yakidumu wiki mbili au tatu, mtoto huyo anahitaji daktari. Dawa ya kupaka haitamsaidia.

Kwa nini basi mchezo huu uliheshimu maumivu kwa muda mrefu hivyo? Sehemu ya jibu iko kwenye Olimpiki ya Atlanta, Julai 1996. Kerri Strug, mwanajimnastiki wa Marekani, umri miaka 18, aliumia kifundo cha mguu kwenye mruko wa kwanza wa farasi (kifaa cha kurukia), akaruka wa pili, akatua na kusimama kwa mguu mmoja, kisha akabebwa na kocha Béla Károlyi mbele ya kamera za dunia nzima. Picha ile ilirudiwa kwa miaka kama kielelezo cha ushujaa. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba hesabu za mwisho zilionyesha Marekani ingepata dhahabu hata bila alama ya mruko ule wa pili. Katika timu hiyohiyo Dominique Moceanu, miaka 14, alishindana akiwa na ufa kwenye mfupa wa muundi. Mwaka uliofuata umri wa chini wa kushindana ngazi ya wakubwa ulipandishwa hadi miaka 16. Sheria ya umri ilibadilika. Hadithi ya kuvumilia ikabaki ukumbini.

Sayansi pia ilisomwa vibaya. Ni kweli kwamba wanamichezo huvumilia maumivu zaidi ya watu wengine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2012 na Jonas Tesarz na wenzake nchini Ujerumani ulithibitisha hilo. Lakini ulionyesha jambo la pili ambalo makocha hulipita: kizingiti, yaani pale mtu anapoanza kusikia maumivu, hakikuwa na tofauti iliyo thabiti namna hiyo. Mwanamichezo husikia kama wengine. Anachokipata ni uwezo wa kukaa nayo zaidi. Na uwezo huo huja pale mtu anapojua maumivu hayo ni ya nini na anapoweza kuyakomesha. Aliyeshikiliwa chini hana hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Tena jimnastiki haiwezi kufanywa bila kuvumilia chochote, na anayesema vinginevyo hajawahi kukaa ukumbini. Moto wa misuli kwenye sekunde kumi za mwisho za kujining'iniza huku miguu imenyanyuliwa ni kazi halali. Ngozi ya kiganja kuchubuka kwenye baa nayo ni sehemu ya mchezo, ingawa kocha mwenye akili hupunguza mizunguko ngozi inapoanza kuvimba badala ya kusubiri ichanike. Maumivu ya kazi yana sifa moja: mtoto anayatengeneza mwenyewe na yanakoma anapoacha. Kuyatumia kama hoja ya kuhalalisha maumivu anayotengenezewa na mtu mwingine ni ujanja wa maneno.

Ushahidi wa jinsi ujanja huo ulivyoenea sasa uko kwenye maandishi. Juni 2022 mwanasheria Anne Whyte alitoa ripoti iliyoagizwa na UK Sport na Sport England, mashirika ya umma yanayofadhili michezo, kuhusu jimnastiki ya Uingereza kati ya 2008 na 2020. Alipokea maelezo zaidi ya 400. Chini ya ukatili wa kimwili aliweka kunyooshwa kupita kiasi hadi mtoto kutaabika, kufanyishwa mazoezi juu ya jeraha, kunyimwa chakula, maji na ruhusa ya kwenda chooni. Huko Marekani, Agosti 2017, zilitoka video za shule ya sekondari ya Denver East zikionyesha wasichana wa kikosi cha ushangiliaji wameshikwa mikono na miguu na wenzao huku wakisukumwa msambani, mmoja akisikika akiomba waache. Kocha alifutwa kazi. Kilichowashtua watu wa nje ni kilio. Watu wengi wa ndani ya mchezo hawakuona jipya.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba njia hiyo imezaa mabingwa. Imezaa, ndiyo. Lakini jukwaani tunawaona waliobaki tu. Waliobanduka mfupa wakiwa na miaka 12 hawamo kwenye picha, na hakuna aliyewahesabu. Halafu kuna swali la kiufundi ambalo nadhani linaimaliza hoja hiyo vizuri zaidi kuliko huruma: je, msamba wa kusukumwa unaleta alama? Kanuni za shirikisho la dunia, FIG, kwa jimnastiki ya kisanii ya wanawake zinataka digrii 180 kwenye miruko ya msamba. Ukipungukiwa hadi digrii 20 unakatwa pointi 0.1. Kati ya 20 na 45 ni 0.3. Zaidi ya 45, mruko haupewi thamani uliyokusudia. Sasa, hewani hakuna mkeka wa kukusukuma wala kocha wa kukukalia. Miguu inafunguliwa na misuli ya mbele ya nyonga ya mguu mmoja na misuli ya kalio ya mguu mwingine, ndani ya muda mfupi mno. Mtoto mwenye digrii 200 sakafuni na nyonga dhaifu ataonyesha digrii 150 hewani. Hata kwenye jimnastiki ya mdundo, ambako mnyumbuko ni roho ya mchezo, kusimama na mguu ulioinuliwa bila kushikwa na mkono kuna thamani kubwa kuliko kuushika.

Kipimo cha kwanza cha kocha kwa hiyo kiwe pengo kati ya vitu viwili: mguu unafika wapi ukinyanyuliwa na mkono, na unafika wapi mtoto akiunyanyua mwenyewe na kuushikilia sekunde tatu. Mpige picha ya simu kwa ubavu, chora mistari miwili, soma pembe. Pengo likizidi kama digrii 30, kunyoosha zaidi ni kupoteza muda na kuongeza hatari, kwa sababu mtoto anapewa eneo asiloweza kulilinda. Dawa yake ni nguvu: kukaa miguu imetanuliwa, mikono imewekwa sakafuni usawa wa magoti, kunyanyua kisigino mara 10, seti mbili kila mguu, kulala kifudifudi na kunyanyua mguu wa nyuma bila kiuno kupinda, kusimama mguu mbele umeshikiliwa hewani sekunde 10. Watoto hulichukia zoezi la kwanza. Linafanya kazi.

Kunyoosha kwenyewe kuna mpangilio. Mwili upashwe moto dakika 10 hadi 15, mpaka jasho jepesi lionekane, kisha kurusha miguu kwa udhibiti mara 10 hadi 15 kila upande. Kunyoosha kwa kutulia kabla ya vifaa kusizidi sekunde 60 kwa jumla kwa kila msuli. Ukizidi hapo, nguvu ya kuruka hupungua kwa muda, kiasi cha asilimia tano hivi, na huo ndio wakati mtoto anapanda boriti, kile kifaa chembamba cha kutembea na kuruka juu yake. Kunyoosha kwa ndani zaidi kuwekwe mwisho wa kipindi: sekunde 30, mara tatu, siku nne au tano kwa wiki. Kipindi kifupi cha kila siku huzaa kuliko kipindi kimoja kirefu cha Jumamosi, na hakimwachi mtoto akichechemea Jumapili.

Njia ya kukaza na kulegeza ndiyo bora kwa aliyekwama, mradi isigeuzwe kuwa kisingizio cha kusukuma. Mtoto anashuka mwenyewe hadi mvuto wa kwanza. Anabonyeza kisigino cha mbele kwenye mkeka kwa nguvu ya wastani, chini ya nusu ya uwezo wake, sekunde tano au sita. Analegeza, anatoa pumzi yote, anashuka sentimita moja au mbili, anatulia sekunde 15 hadi 20. Anarudia mara tatu au nne. Kwa walio chini ya miaka 10 sakafu na ukuta vinatosha. Kwa wakubwa, mwenzake akisaidia, mkono wake uwe ukuta usiosogea: mtoto anausukuma, wenyewe haumsukumi. Kocha akiona mkono unafuata mguu kwenda mbele, asimamishe zoezi.

Msamba wa mbele huharibika mahali palepale kila siku. Nyonga ya mguu wa nyuma inafunguka kando, goti la nyuma linatazama ukuta badala ya sakafu, kiuno kinapinda kufidia. Mtoto amefika chini kwa kukwepa. Sababu ni kwamba nyonga ya kawaida inaruhusu paja kwenda nyuma digrii 10 hadi 20 tu. Zinazobaki lazima zitoke kwenye kuinama kwa fupanyonga na kupinda kwa kiuno. Weka tofali la sponji ngumu la sentimita 10 hadi 15 chini ya paja la mbele, karibu na kalio, na mawili ya mikono. Weka fimbo kwenye mifupa miwili ya mbele ya nyonga. Ncha zote mbili zielekee sawa. Kaza kalio la nyuma. Mtoto atakuwa juu zaidi kuliko jana na atalalamika kwamba amerudi nyuma, hasa kama wenzake wako chini. Punguza tofali kwa sentimita mbili au tatu pale anapokaa sekunde 30 akiongea kawaida.

Kuhusu msamba wa kupita kipimo, ule wa kuinua mguu wa mbele juu ya kiti au tofali, msimamo wangu ni mkali: mwanajimnastiki wa kisanii chini ya miaka 12 hana haja nao. Kwa wa mdundo uanze tu baada ya msamba wa sakafu wenye nyonga sawa kushikiliwa sekunde 30 bila mikono, tofali lisizidi sentimita 5 mwanzoni, na paja lipate mto chini yake. Kisigino kikiinuliwa peke yake, goti ndilo linalobeba mzigo. Linarudi nyuma kupita mstari, na ligamenti, yaani nyuzi zinazoshika mfupa kwa mfupa, zikirefushwa hazirudi kama msuli.

Daraja, yaani kujipinda nyuma hadi mwili usimame kwa mikono na miguu, nalo lina udanganyifu wake. Mabega yakiwa yamefunga, kiuno ndicho kinacholipa. Tazama kwa ubavu: mabega yafike juu ya vifundo vya mikono au yapite. Yasipofika, inua miguu ya mtoto juu ya sanduku la sentimita 30 hadi 40 ili mkunjo uhamie mabegani na kifuani, na fanya mabega peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi sakafuni.

Sasa swali la maumivu yenyewe, ambalo kumbi nyingi huliuliza vibaya. “Inauma?” likiulizwa na kocha mbele ya kundi lina jibu moja tu. Uliza “wapi?” kwanza, na mtoto aonyeshe kwa kidole kimoja. Akipangusa paja lote kwa kiganja, huo ni mvuto wa msuli. Akigusa nukta moja kwenye mfupa wa kukalia, kinena, nyuma ya goti au pingili, simamisha. Ganzi, kuchomwachomwa au umeme unaoshuka mguuni ni neva, nayo hainyooshwi kwa nguvu. Kisha namba: kuanzia miaka minane hivi watoto wengi hutumia vizuri kipimo cha 0 hadi 10, na wadogo zaidi hupewa kadi ya nyuso sita. Kunyoosha kubaki kwenye 3 au 4. Ndani ya dakika moja baada ya kutoka kwenye mkao namba irudi sifuri, na asubuhi yake kiungo kisiume. Mtoto akinyanyua mkono, zoezi linakoma hapohapo, hata kama kocha anashuku anatania. Akitania mara tatu na zoezi likakoma mara tatu, ameshajua mkono huo ni wa kweli.

Lakini namba hizo zitakuwa na ukweli kwa kadiri ya kinachofuata mtoto akishazitaja. Akisema 6 na akaondolewa kwenye orodha ya mashindano au akakalishwa benchi akitazama wenzake, wiki ijayo atasema 2. Kila ukumbi uwe na kazi mbadala iliyoandikwa tayari: dakika 20 za mabega kwa mwenye mguu unaouma, dakika 20 za miguu na usawa kwa mwenye kifundo cha mkono kinachouma. Mtoto anahamia huko bila hotuba na bila kuonewa huruma.

Kipindi cha kukua haraka kinahitaji jicho la pekee. Wasichana wengi hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, wavulana 14, na wanajimnastiki mara nyingi huchelewa kidogo. Mifupa hurefuka, misuli inafuata nyuma, na mtoto aliyekuwa laini anakauka ndani ya miezi miwili. Kocha anasema amekuwa mvivu, anaongeza mkono, na huo ndio wakati gegedu la ukuaji liko dhaifu zaidi. Pima urefu kila mwanzo wa mwezi, asubuhi, bila viatu. Ongezeko likizidi nusu sentimita kwa miezi miwili mfululizo, punguza kunyoosha kwa ndani kwa theluthi, acha kupima kina cha msamba, ongeza nguvu. Hii ni kanuni ya kazi, daktari hajaiandika, lakini inamlinda mtoto kwa gharama ya futi ya ukutani.

Upande wa pili wapo watoto waliozaliwa laini. Kipimo cha Beighton kina alama 9: kidole kidogo kurudi nyuma kupita digrii 90, gumba kugusa mkono wa mbele, kiwiko na goti kupita mstari kwa zaidi ya digrii 10, hivyo vyote pande zote mbili, na viganja kugusa sakafu magoti yakiwa yamenyooka. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, 6 na kuendelea huhesabiwa kuwa ulegevu wa viungo. (Alama ya viganja kwa mwanajimnastiki haina maana kubwa, hiyo amefundishwa.) Huyu ndiye kocha humchagua kwanza na ndiye mwenye hatari ya kujificha, kwa sababu anafika chini bila kusikia chochote mpaka ligamenti zenyewe zinapobeba mzigo. Hahitaji kunyooshwa hata dakika moja ya ziada.

Afrika Mashariki jimnastiki ya mashindano bado ni changa, ila sarakasi ina vijana wengi, na mambo haya yote yanawahusu wale wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanaojipinda kwenye mchanga au godoro kuukuu. Huko mara nyingi mwalimu ni kijana wa miaka 20 aliyefundishwa kwa kukaliwa mgongoni, na yeye anarithisha alichopewa. Hana eksirei karibu. Anaweza kuwa na daftari, futi na simu, na vitatu hivyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa.

Amebaki mtoto mmoja ambaye mbinu zote zinamshinda: anayekwama kwenye msamba wa pembeni. Muulize anasikia wapi. Akisema ndani ya mapaja, kazi inaendelea. Akisema anabanwa mbele au kwa nje ya nyonga, kama kitu kigumu kinagonga, inawezekana kabisa ni shingo ya paja inayofika kwenye ukingo wa fupanyonga. Mwelekeze ainamishe fupanyonga mbele na kuzungusha magoti yatazame juu. Wengine hupata nafasi papo hapo. Asipopata, mpeleke kwa daktari wa mifupa na uache kumnyoosha upande huo, maana mfupa haulegei kwa miaka yoyote ya kusukuma. Kwenye programu yake badala ya mruko wa miguu iliyotanuliwa panga ule ambao mapaja yanabaki pamoja, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooka mbele, na umweleze yeye na mzazi wake kwa nini.